Sare

Kabla sijaitwa Mheshimiwa
niliitwa Fundi.
Cherehani yangu ilikaa barazani, mbele ya duka la vitambaa,
barabara ya kushuka stendi, Moshi mjini,
kati ya Aikande mtia vifungo na Kaanaeli wa zipu.
Asubuhi tulifagia vumbi lilelile,
kila mtu akilisogeza kwa mwenzake, tukicheka.

Kazi niliijua: tepu shingoni, chaki kidoleni.
Mteja humpimi kwa mwili wa jirani yake.
Bega moja likiwa chini, unalishonea chini,
na husemi.

Waliponiambia gombea, sikuwa na hata hela ya fomu.
Chama kililipa. Sijasahau, wala sitaki kusahau.
Kilinipa gari la matangazo na vijana wa kubandika picha,
kikanifundisha kusimama mbele ya kipaza sauti
bila kushikashika kanga.
Mimi nikakishonea mashati mia mbili ya kampeni,
kipimo kimoja, cha kati.
Wembamba wakaelea ndani, wanene wakabana pumzi.
"Litakaa tu," niliwaambia. "Ukishalivaa litakaa."

Baraza la madiwani hukutana saa nne.
Sisi hukutana saa mbili.
Chumba kidogo, chai ya maziwa, maandazi chini ya kawa,
na humo ndimo tunamobishana: nimeona meza ikigongwa,
nimeona mtu mzima akilia kwa ajili ya kalavati la kata yake.
Kisha mnadhimu anafunga daftari:
"Haya. Tumeshasema. Huko ndani tuna mdomo mmoja."
Saa nne tunaingia tumepigwa pasi.

Nilidhani ni sisi tu.
Lakini Mheshimiwa Mbonea, wa upande ule,
alinisimamisha koridoni siku ya hoja yangu ya mtaro wa Njoro.
"Dada, maji hayo yanaingia hata kwa mama yangu.
Ila wenzangu wameamua tutoke nje."
Akatoka. Nilimwona dirishani, yuko juani na wenzake,
anatazama viatu vyake.

Ikaja hoja ya ushuru wa baraza:
kila cherehani, elfu moja kwa siku.
Saa mbili nilikataa. Nilitaja bei ya uzi.
Nilimtaja Aikande, ambaye kuna siku
hufungua na kufunga bila kushika shati hata moja.
Walinisikiliza, nisiwasingizie.
Halafu mnadhimu akaniuliza, taratibu,
kama anayeulizia hali ya watoto:
"Mwakani kuna kura za maoni, Fundi.
Jina lako likikatwa, hao mafundi atawasemea nani?"

Swali zuri. Bado ninalo.

Saa nne tukaambiwa wanaoafiki wanyooshe.
Mkono huu. Wa kulia, wenye sugu ya mkasi.
Kumi na tano kwa kumi na nne.
Ungebaki mapajani, kura zingekuwa sare.
Ukapanda, kwa sababu nilikuwa nimevaa sare.

Jioni ningeweza kuzunguka nyuma, uchochoroni.
Nikapita mbele.
Kaanaeli hakuinua uso, aliendelea kukanyaga pedeli,
na sindano ilikuwa haina uzi.
Aikande ndiye aliyeuliza:
"Umetuwakilisha?"
Nikasema chama kilikuwa na msimamo.
"Najua kina msimamo. Nimekuuliza wewe."

Nikaanza habari za bajeti, za mapato ya ndani,
maneno niliyoyakariri vizuri, yenye mikunjo yake.
Hakunikatiza. Alisogea tu, akashika shati langu la chama
pale mshono wa bega ulipoteremka hadi mkononi,
akaubana kwa vidole viwili, kama tunavyofanya
kabla ya kutia pini.

"Hili halikukai," akasema. "Nani alikupima?"

Nililishona mwenyewe.